Madame na Namba Zisizo na Majina

"Allô. Nani, na wapi?"

Hivyo ndivyo alivyojibu simu siku zote, akiwa amesimama. Sikumwona hata mara moja akiongea na simu ameketi. Ikilia wakati anachambua maharage, ungo ulikwenda chini, kitenge kilikazwa kiunoni, naye akanyooka wima kama darasani mkaguzi anapoingia. Ndipo alipobonyeza. Mimi nilikuwa jirani yake, upande wa pili wa ua, na ile "nani, na wapi" niliisikia mara nyingi kuliko kengele ya parokia.

Alinifundisha darasa la tatu hapa Butembo, na mpaka leo siwezi kumwita isipokuwa Madame. Jina lake lipo, mtaa mzima unalijua, ila mimi sikukua nalo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu asiyetulia. Nina meza ya kutengeneza simu mjini, na mtu anayeshinda na simu za wengine huishia kuichukia ya kwake. Namba nisiyoijua naikata kabla haijalia mara ya pili. Ndiyo maana Madame alinichokoza roho kwa miaka. Yeye alijibu zote.

Waliompigia walikuwa wa kila namna. Kuna aliyesema Madame ameshinda pikipiki kwenye tombola, bahati nasibu ambayo hakuicheza. Kuna aliyesema amemtumia pesa kwa makosa, amrudishie upesi, mtoto yuko hospitali. Sisi wengine tunatukana na kukata. Yeye aliwafundisha.

Siku moja nilikuwa kwake nakunywa chai, akapiga mmoja wa wale wanaojidai ni watu wa kampuni ya simu, wenye rezo, yaani mtandao. Madame alikuwa hasikii vizuri sikio moja, kwa hiyo sauti ya simu aliifungulia yote.

"Mama, hapa ni ku bureau ya rezo. Utupatie code yako ya siri, tutengeneze ligne yako."

"Bon. Weye unaitwa nani?"

"Agent."

"Agent ni kazi. Nimeuliza jina."

"Jean, mama."

"Jean, ulinisalimia?"

Kwa sauti ndogo: "Hapana, mama."

"Donc, kata. Upige tena, unisalimie kwanza, njo useme shida yako."

Na yule mtu, naapa, akakata, akapiga tena, akasalimia. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia kwenye suruali. Madame alimweka robo saa nzima. Alimuuliza alisoma mpaka wapi, na kama mama yake anajua anafanya kazi gani. Alipokumbushwa ile code, akamwambia: "Jean, siri ni kitu gani? Fikiri mbele ya kujibu." Safari hii Jean alikata na hakurudi.

Akaketi, akavuta daftari la shule lenye jalada la bluu, akafungua kifuniko cha biki nyekundu. Kila aliyepiga aliandikwa humo: namba, jina alilojipa, na alama juu ya kumi. Jean alipata sita. Kando aliandikiwa: *Anaweza. Hasikilizi swali.*

"Madame, batu hawa ni ba-escroc, matapeli," nikamwambia. "Mbona unawajibu?"

"Mutu akipiga hodi ku mulango, weye unafanya nini?"

"Ninaangalia kwanza ku dirisha."

"Njo sababu ulikuwa unapata ine juu ya kumi mu calcul," akasema. "Unaogopa mbele ya kusoma."

Ukali huo ndio tulioukuta darasani. Kucha chafu zilikupeleka mbele ya wote. Ukichelewa ulisimama ukutani mpaka mapumziko. Lakini alikuwa na adhabu moja ambayo ilinichukua miaka kuielewa. "Weye, utabaki nyuma, utafuta ubao." Wenzako wakitoka, unafuta ubao, unageuka, kumbe juu ya meza yake kuna viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa, vile vya Luofu, vyenye unga. "Kula mbio, tuende." Alijua ni nani ametoka nyumbani bila kitu tumboni. Hakusema neno, wala hakutaka useme asante. Mimi niliadhibiwa mara nyingi sana mwaka ule, na baba alipoambiwa nafuta ubao kila siku alinichapa, naye Madame hakuja kumweleza. Hilo nimemsamehe nusu tu.

Na alijipinga mwenyewe bila aibu. Katika shirika letu, kule tunakosali jirani na jirani, aliombwa awafundishe wamama habari za simu, kwa sababu wawili walikuwa wamekwisha kuliwa pesa zao. Akasimama. "Namba ya mutu haumujui, hapana jibu. Code ya siri, hapana patia hata mutoto wa tumbo yako. Tumesikilizana?" Wamama wakaitikia. Papo hapo simu yake ikalia kwenye mkoba. Akaitazama, akatoka barazani, akajinyoosha. "Allô. Nani, na wapi?" Ndani wamama wakatazamana. Aliporudi akasema, "Tuendelee," na uso haukuonyesha kitu.

Sasa lazima nieleze habari ya jina, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Kwetu mtoto hupata jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na wengine hivyo hivyo. Ukiita Kasereka sokoni Butembo, watageuka watu kumi, na mmoja wao atakujibu vibaya. Mvulana wa tatu wa Madame alikuwa Kasereka. Mimi pia ni wa tatu kwa mama yangu, kwa hiyo mimi pia Kasereka. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukakalia benchi moja. Madame akitaka maji au chumvi, aliita mara moja tu juu ya ua, "Kasereka!", na tulikimbia wote wawili. Aliyefika wa kwanza ndiye aliyetumwa, wa pili alicheka.

Kasereka wake alikuwa mwepesi kuliko mimi kwa kila kitu. Alipokua alikwenda Beni, akakaa kwa dada yake Masika kule Mulekera, akawa anafanya kazi ya kakao mashambani kuelekea Eringeti. Kila alipofika salama alibipu mama yake mara tatu, anakata, mara tatu, bila kupoteza unités, yaani salio. Madame alikuwa akitabasamu kabla hata hajaitazama simu.

Msimu mmoja wa mavuno shamba alilokuwa akifanyia kazi lilivamiwa na watu wenye silaha. Walizikwa watu, yeye hakuwamo. Walirudi watu wakiwa wamejikokota porini, yeye hakuwamo. Basi. Hayo ndiyo tunayoyajua, na miaka imepita.

Tangu hapo jina lile likawa zito. Hakuna aliyeitisha mkutano, lakini mtaa mzima ulikubaliana. Masika akawa anasema "ule ndugu yetu". Padri akitaja nia za misa alisema "yule tunayemwombea". Mama yangu, ambaye maisha yake yote aliniita Kasereka, siku moja akanipigia ukelele wa "Faustin!" uani, jina la ubatizo, mpaka nikageuka kutafuta Faustin ni nani. Alinifinyia jicho kuelekea nyumba ya Madame. Nikaelewa. Toka siku ile mimi ni Faustin hata kwenye kibao cha meza yangu. Tulidhani ndiyo heshima.

Matapeli hawakuwa na habari ya makubaliano yetu. Wao wanajua kitu kimoja: katika mji huu kila nyumba ina Kambale wake au Kasereka wake. Huna haja ya kumjua mtu. Unapiga namba yoyote, sauti ya mama ikiitika, unasema: "Mama, ni miye Kasereka. Simu yangu iliibiwa, niko napiga na ya mutu." Mama mwenye wana watatu moyo utamruka. Katika nyumba nyingi Kasereka mwenyewe yuko pale anakula ugali, wanacheka, wanakata.

Kwa Madame, simu za namna hiyo zilikuwa tofauti. Nilizisikia mara mbili tatu nikiwa pale. Hakumwambia mtu arudi kusalimia. Hakusahihisha neno. Aliishika simu kwa mikono miwili na kusikiliza, akijibu "Ee… ee…" mpaka yule wa upande wa pili alipochoka na kukata. Baadaye nilichungulia daftari. Mistari ile haikuwa na alama yoyote, tarehe na saa tu. Nikaona huruma, na ndani ya huruma nikaona hasira, kwa sababu nilidhani anawaamini.

Halafu ikaja ile Jumatatu.

Nilikuwa nimeinamia simu ya mteja, mama akanipigia: Madame amepita na blanketi kichwani, hasemi anakokwenda. Niliacha simu ya watu wazi juu ya meza, nikakimbia. Nilimkuta kwenye parking ya kwenda Beni, ameshapanda nyuma ya motari, pikipiki ya abiria ya kijana mmoja, kapu mapajani. Ndani ya kapu kulikuwa na pullover ya kiume na viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa.

"Madame, unaenda wapi?"

"Eringeti. Iko mugonjwa."

"Ni nani iko mugonjwa?"

Aliniangalia tu, na mimi mjinga sikulitamka lile jina.

"Alikuomba umutumie makuta ya dawa, hapana? Ni ba-escroc, Madame! Weye mwenyewe unafundisha batu!"

"Aliomba. Miye nilimuambia, hapana tuma-tuma, nakuja mwenyewe."

Siku zile hata madereva wa malori hawakuithubutu njia ya Eringeti bila kusubiri msafara na askari. Na yeye na goti lake bovu alikuwa akiiendea juu ya pikipiki. Nikachomoa ufunguo wa motari. Yule kijana akaanza kunitukana kwa Kilingala, watu wakajaa. Nikachukua simu ya Madame, nikapiga ile namba iliyomwita, mbele ya wote. Imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa.

"Umeona?" nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. Mtu hamwambii hivyo mwalimu wake mbele ya umati. Alishuka taratibu, akanipa kapu nilibebe, akatangulia mbele mpaka nyumbani bila kugeuka. Nilimfuata nyuma. Kichwani nilimwona amekufa barabarani mara ishirini kabla hatujafika.

Wiki ile ile aliniletea simu yake nibadilishe betri. Nilimpigia Masika Beni, tukakubaliana. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaifunga: namba yoyote isiyoandikwa ndani na jina lake isilie, isionekane, ianguke kwenye orodha ambayo lazima ujue pa kuitafuta. Dakika mbili. Nikamrudishia simu na betri mpya, nikajisifu moyoni.

Kukawa kimya upande wa pili wa ua. Mwanzoni nilikifurahia. Halafu nikaanza kumwona Madame akizunguka uani na simu mkononi, anaiinua juu, anakwenda mpaka kwenye mteremko wa mikaratusi, anarudi. Akaja mezani kwangu.

"Rezo iko?"

"Iko mubaya, Madame. Mu ville nzima."

"Mais simu yako iko nalia."

"Ni rezo ingine."

Kwa uwongo ule angenipa tisa. Alikuja tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Daftari likabaki wazi ukurasa uleule. Akawa anaketi sana, yeye aliyekuwa wa kusimama, na kitenge kikaanza kumzidi mwili. Masika akaja akamchukua, akaenda kuishi naye Mulekera.

Ndipo mimi nilipoanza kuumwa. Wazo lilinijia nikiwa nakaza skrubu, likakataa kutoka: je, kama siku moja, kwa namba ngeni, akapiga mwanawe mwenyewe? Mtu aliyepotea porini hapigi kwa namba ya zamani. Mimi ndiye niliyefunga mlango. Nikaanza kuruka kila simu yangu inapolia. Nikaanza kujibu namba nisizozijua, nikisikiliza pumzi ya mtu. Mara nyingi nilijiandaa kwenda Beni na kila mara nikapata udhuru: vipuri, mvua, barabara. Barabara ya Beni ilikuwa nzuri tu. Nilikuwa mwoga.

Nilikwenda mwishowe, siku ya Jumamosi mchana. Nyumba ya Masika ina ua mdogo, na kakao ilikuwa imeanikwa juu ya turubai la plastiki, harufu yake kali. Madame alikuwa juu ya kiti kifupi, anaigeuza kwa mkono. Alikuwa amepungua. Simu ilikuwa shingoni kwa kamba.

"Faustin," akasema. "Umeleta rezo?"

Sikuweza kuzungusha maneno. Nikachuchumaa mbele yake, nikasema yote: betri, mipangilio, makubaliano yangu na Masika, uwongo wa rezo. Nilisema haraka, kama mtoto anayekiri dirisha lililovunjika. Ndani ya jiko Masika aliacha kutwanga.

Madame akanipiga kofi begani, kofi la kweli.

"Miye niko mutoto?"

"Hapana, Madame."

"Fungua. Minataka kuona."

Nikafungua ile orodha. Ilikuwa ndefu, tukaishuka pamoja, kidole chake juu ya kioo.

"Tafuta namba imebipu mara tatu, ikakata," akasema. "Mara tatu, tena mara tatu."

Tulitafuta mpaka mwisho, tukarudi mwanzo. Haikuwepo. Nilishusha pumzi, nikajionea aibu kwa kuishusha.

"Nilijua," akasema Madame.

"Unisamehe. Nilifikiri unawaamini wale wanasema ni yeye."

"Kuamini?" Alinitazama kama alivyonitazama nilipoandika saba mara nane ni hamsini na nne. "Sauti ya mutoto wangu, miye hapana ijua? Hata ile siku ya parking nilijua. Mais nikajiambia, na kama ni yeye kweli, na ugonjwa umebadilisha sauti? Mara moja tu. Nikaenda sababu ya ile mara moja." Akageuza kakao. "Zingine zote, nilijua ni badanganyifu."

"Sasa kwa nini uliwasikiliza?"

Alifuta mkono kwenye kitenge.

"Ni bale badanganyifu tu banasemaka jina yake. Masika anasema 'ule'. Padri anasema 'yule'. Mama yako akaficha mpaka yako. Mu nyumba yote, mu kanisa yote, hakuna mutu. Donc mwizi mumoja anapiga, anasema, 'Mama, ni miye Kasereka.' Miye ninasikiliza. Akimaliza, basi, iko siku nzuri." Kisha akasema: "Na weye ukafunga."

Nililia. Sitasema ni vumbi la kakao, nililia pale pale nimechuchumaa, mtu mzima. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kama alivyongoja zamani mtu anapokwama ubaoni.

"Simama," akasema. Nikasimama. "Jina yako ni nani?"

"Faustin, Madame."

"Hapana ile. Ile baba yako alikupatia."

Niliangalia mlango wa jiko. Masika alikuwa amesimama pale na mchi mkononi.

"Kasereka."

"Batu ba nyuma hawasikii."

"Kasereka!" nikasema, na sauti ikatoka kubwa mpaka jirani mmoja akaitika, "Ee?", kwani naye ni wa tatu.

Masika akacheka, akaziba mdomo, akaanza kulia, akarudi jikoni. Madame hakucheka. Alinipa simu na kunisimamia mpaka nilipoifungua yote, kila namba, kama ilivyokuwa. Nikamwomba kitu kimoja: akitaka kwenda popote, aniite kwanza mimi. Akasema atafikiri. Halafu akainua kichwa kuelekea jikoni.

"Masika! Kasereka ametoka Butembo, hajakula. Leta viazi."

Tulikula barazani. Sikuwa nimefika nusu ya sahani simu ilipolia shingoni mwake. Namba tupu, isiyo na jina. Akaweka kiazi chini, akakaza kitenge, akasimama. Goti lilimsumbua, nikanyoosha mkono, akaukataa.

"Allô. Nani, na wapi?"

Sauti ya kiume ikamwagika: hongera mama, tombola, pikipiki, code. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hapana leo, papa," akamwambia. "Niko na mugeni. Kasereka iko hapa, anakula. Utapiga kesho."